Sanduku la Tuba, Katuba

Kwanza nililala sakafuni nayo, juu ya katoni
ya friji iliyopasuliwa, nikaizungushia penseli
kama mama apimaye unyayo wa mtoto
kabla ya kwenda soko la viatu.
Mdomo wake ulizidi katoni. Nikaunga kipande.
Numbi, mdogo wangu, akasimama juu ya mchoro:
"Figo. Unaijengea figo nyumba."

Mtaa wetu hauishiwi utani.
Ka-, wanasema, ni alama ya udogo:
katoto, kanyumba, kapesa ka kununulia makala.
Basi Katuba ni tuba ndogo,
na Mukalay ndiye aliyeolewa na kubwa.
Nacheka nao. Ila hawakuwepo Jumapili ya Matawi,
pikipiki iliporuka shimo
nikasikia nyuma ya mgongo wangu
sufuria ikianguka msibani.
Bonde lile lingali pale, chini ya bomba la tatu.
Tangu siku hiyo noti ya chini kabisa
hukohoa kabla ya kuongea.

Papa Kishiba alinipa mbao za makreti
yaliyoleta mashine za mgodini,
zina maandishi ya Kichina na mshale mwekundu
uelekeao juu. Kwangu unaelekea ubavuni.
Akaniambia: "Usiibane. Ishike kama yai la kanga.
Na ujue, sanduku hili huitengenezei tuba.
Unaitengenezea barabara."

Triplai nililowesha kwa maji ya moto,
sufuria ileile ya bukari,
nikaikunja taratibu kwenye pipa.
Ikavunjika.
Ikavunjika.
Ya tatu nililia, sioni haya kusema.
Ya nne ikakubali, sijui kwa nini,
mikono ilikuwa ileile.

Kona nikazivika mpira mweusi, mkanda wa kiwandani
alioubeba baba begani miaka ile
kampuni ililipa ahadi, na watu
walirudi nyumbani na walichokipata:
boliti, sabuni, mpira.
Baba alikuwa wa tanuruni. Alidai
shaba ikiwa maji haina sauti kabisa.
Labda kweli. Labda masikio yake.
Padri hupenda kusema tuba hii ni mtoto wa hapa,
ilitoka udongoni mwetu, ikaenda kusoma Ulaya,
ikarudi inajua nyimbo.
Lakini tuba inamzidi baba umri,
hesabu inakataa.
Hata hivyo nilipoipangusa kwa majivu na ndimu
nilimwona mtu mle shingoni, amepinda, ana pua yake,
nikamsalimia.

Sponji ilikuwa ghali. Nikalitazama godoro langu.
Likanitazama.
Nikachukua kisu.

Jumamosi: bawaba sita,
makomeo mawili ya sanduku la marehemu shangazi,
mshikio wa dawati la shule, umepakwa rangi upya.
Tuba ikaingia ikashusha pumzi, nawaapia.
Nikafunga. Nikatikisa. Kimya.
Kisha tukausukuma mzigo mlangoni.

Mlango wetu: sentimita sabini na mbili.
Sanduku: themanini na moja, uligeuze utakavyo.

Papa Kishiba alicheka hadi akakaa chini,
akafuta macho kwa kofia, akaniuliza
kama figo huwa inazaliwa na tumbo lake.
Nilipima kila kitu, hata unene wa gundi.
Mlango sikuupima. Nani hupima mlango wa kwao?

Tuling'oa fremu, mimi na Lenge wa jirani,
matofali mawili yakaja nayo,
na kuku wa watu wakaingia kukagua.
Giza likatukuta, umeme umekatika,
saruji hakuna hadi Jumatatu,
na mvua ya kwanza ya mwaka ikaanza kunusa mabati.

Basi tukalirudisha, wima, tukaliegemeza
kwenye lile tundu. Likaziba vizuri,
ukabaki upenyo wa kupitisha paka.
Usiku ule sanduku ndilo lililokuwa mlango wetu.

Nililala juu ya nusu godoro,
nyonga ikigusa saruji,
nikiisikia mvua ikibisha hodi kwenye triplai,
na ndani yake nusu yangu ya pili,
kavu, imemkumbatia mwingine.